Kovu la Moto Hunyoshwa Lingali Bichi

Siku kidonda cha moto kinapofunga, watu wengi huhesabu kwamba ugonjwa umekwisha. Bandeji ya mwisho hutupwa, mgonjwa hupewa ruhusa ya kwenda kwao, jamaa humshukuru Mungu, na kila mtu hurudia shughuli zake, mkulima shambani na karani ofisini. Lakini moto haujamaliza kazi yake. Chini ya ile ngozi mpya, nyembamba na yenye kung'aa, kazi nyingine imeanza, nayo huendelea kwa muda wa mwaka mzima, na mara nyingine miaka 2. Katika muda huo ndipo inapoamuliwa kama mtoto ataweza kushika kalamu, kama mama ataweza kuinua mkono aanike nguo, na kama kijana ataweza kugeuza shingo atazame nyuma.

Jambo hili linahusu nyumba nyingi za Kenya. Mahali panapopikwa kwa mafiga matatu au kwa jiko lililowekwa chini, sufuria ya uji au ya chai huwa katika kimo cha mtoto anayeanza kutembea. Taa ya koroboi huangushwa usiku. Mwenye kifafa huanguka motoni asiweze kujiondoa. Wengi wa watu hao hupona kwa maana ya kuwa hai, lakini baadhi yao hubaki na vilema ambavyo havikuletwa na moto wenyewe. Vililetwa na kovu lililoachwa lifanye lipendavyo.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kwa kovu la moto neno hili ni kweli vilevile, ila hapa shabaha si kukunja bali ni kunyosha.

KOVU NI KITU GANI

Ngozi ya mwanadamu ina tabaka mbili. Tabaka la juu ni jembamba, na likiungua peke yake hupona upesi bila kuacha alama. Tabaka la chini ni nene, na humo ndimo yalimo mashina ya nywele, vifuko vya jasho na vya mafuta, na nyuzi zenye nguvu ziitwazo kolajeni. Moto ukilifikia tabaka hilo, mwili hauwezi kulirudisha kama lilivyokuwa. Hulishona tu, na mshono huo ndio kovu.

Katika ngozi nzima nyuzi hizo zimesukwa kama ukili wa mkeka, huku na huku, kwa hiyo ngozi hunyumbulika kila upande. Katika kovu nyuzi hurundikwa kwa haraka na kulazwa upande mmoja, kama kuni zilizofungwa mtumba. Tena, ndani ya kovu changa zimo chembe za mwili ambazo kazi yake ni kuvuta kingo za jeraha zikaribiane. Kazi hiyo ni njema jeraha linapokuwa wazi. Ubaya wake ni kwamba chembe hizo haziachi kuvuta jeraha linapofunga.

Dalili moja humsaidia mtu kukisia mapema. Kidonda cha moto kilichopona ndani ya majuma 2 kwa kawaida huacha alama ndogo. Kidonda kilichochukua zaidi ya majuma 3 kufunga kina hatari kubwa ya kufanya kovu nene. Kwa sababu hiyo madaktari hawapendi kungoja kidonda kirefu kijifunge chenyewe. Hupenda kukifunika mapema kwa kupandikiza ngozi iliyotolewa mahali pengine mwilini, kama vile pajani.

Makovu ya moto si ya namna moja, na dawa ya hili si dawa ya lile. Yafaa kuyatambua kwa aina zake nne.

ALAMA ILIYO BAPA

Aina ya kwanza ni ile alama isiyoinuka. Ngozi iko sawa na ngozi nyingine, ila rangi yake imekuwa nyeusi zaidi au imepauka. Hii si ya kutisha. Rangi hurudi polepole kwa miezi mingi, ingawa huenda isirudi yote. Kinachotakiwa ni kuikinga na jua kwa nguo au kofia, maana ngozi mpya huungua upesi na huzidi kubadilika rangi ikipigwa na jua kali.

Ngozi iliyopoteza vifuko vya mafuta hukauka, hupasuka na kuwasha. Ioshwe kwa sabuni isiyo kali, ikaushwe taratibu, kisha ipakwe mafuta yasiyo na manukato mara 2 au 3 kila siku. Mtu asikimbilie krimu za kung'arisha ngozi ziuzwazo sokoni. Baadhi yake zina zebaki, nayo zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo.

KOVU LILILOINUKA

Aina ya pili ni kovu lililovimba, gumu, lenye kuwasha na mara nyingine kuuma. Huanza kuinuka majuma machache baada ya kidonda kufunga, likazidi kwa miezi kadhaa, kisha likaanza kushuka lenyewe kwa mwaka au miaka 2. Alama yake kubwa ni kwamba halivuki mpaka wa jeraha. Pale moto ulipoishia, nalo huishia papo hapo.

Kovu hili husikia likibanwa. Katika miaka ya 1970 madaktari wa hospitali ya watoto walioungua huko Galveston, katika jimbo la Texas, Marekani, walieneza matumizi ya nguo za kubana zilizoshonwa kwa kipimo cha kila mgonjwa. Nguo hiyo huvaliwa usiku na mchana, saa 23 katika saa 24, ikavuliwa tu wakati wa kuoga na kujipaka mafuta. Huendelea kuvaliwa kwa miezi mingi, mpaka kovu lilainike na kuwa bapa. Ikilegea haina faida tena, na mtoto anayekua huhitaji nyingine kila baada ya miezi michache.

Mahali ambapo nguo hizo hazipatikani, bandeji ya kunyumbulika yaweza kutumiwa katika mkono au mguu, baada ya muuguzi kumfundisha mgonjwa namna ya kuifunga. Huanzia upande wa vidole na kupanda juu, ikikazwa zaidi chini kuliko juu. Vidole vikifa ganzi, vikivimba au kuwa baridi, bandeji imekazwa mno, na yapasa kufunguliwa mara moja.

Njia ya pili ni silikoni, kitu laini kama mpira mwembamba, ambacho hulazwa juu ya kovu. Madaktari wa Australia waliandika habari zake mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo imeenea ulimwenguni. Hulazwa saa 12 au zaidi kila siku, kwa miezi 3 au zaidi, nayo huoshwa kila siku pamoja na ngozi iliyo chini yake. Isiwekwe kamwe juu ya kidonda kilicho wazi.

Njia ya tatu haina gharama. Ni kulikanda kovu. Ngozi ikiisha kufunga na kupata nguvu kidogo, mgonjwa au mzazi hupaka mafuta, akalibonyeza kovu kwa kidole gumba na kulizungushazungusha kwa dakika chache, mara kadhaa kila siku. Kukanda hupunguza mwasho na kulilainisha kovu. Lengelenge likitokea, apumzishe mahali hapo mpaka papone.

KELOIDI

Aina ya tatu inafanana na ya pili kwa macho, na watu wengi huzichanganya. Hii huitwa keloidi. Tofauti yake ni kwamba haina heshima ya mpaka. Huvuka pale jeraha lilipoishia na kuingia katika ngozi nzima, kama majani mabaya yanayotambaa kutoka shamba moja hadi shamba la jirani. Tena haishuki yenyewe kwa kupita miaka. Hupenda kifua, mabega, taya na masikio, na huwapata watu weusi kuliko weupe. Mara nyingi hufuata ukoo: baba akiwa nayo, mwana naye yumo hatarini.

Kosa kubwa ni kuikata tu. Keloidi iliyokatwa bila tiba nyingine mara nyingi hurudi, na huenda ikarudi kubwa kuliko ya kwanza, kwa kuwa kisu kimefanya jeraha jipya. Hali kadhalika kuichanja chale, kuichoma kwa chuma au kuipaka dawa za kuunguza ni kuongeza kuni motoni.

Tiba iliyozoewa ni sindano ya dawa iitwayo triamsinoloni, ambayo daktari huichoma ndani ya kovu lenyewe, akairudia kila baada ya majuma 4 hadi 6. Keloidi hulainika na kupungua polepole. Daktari humwonya mgonjwa kwamba ngozi ya hapo yaweza kuwa nyembamba au kupauka. Ikiwa lazima kukata, basi kukata hufuatwa na sindano hizo, au kubana, au mionzi katika hospitali kubwa. Mwenye kujua kwamba ngozi yake huota keloidi ajihadhari na kutoboa masikio na kuchora ngozi.

KOVU LINALOVUTA

Aina ya nne ndiyo iletayo kilema, nayo yastahili kuangaliwa kuliko zote. Ni kovu lililo juu ya kiungo au karibu nacho, ambalo linapojikaza huvuta kiungo kikajikunja. Kidevu hushikamana na kifua, mkono hushikamana na ubavu, vidole hufungwa kiganjani, kisigino hupanda mtu akatembea kwa ncha ya mguu.

Hila ya kovu hili ni kwamba hutumia huruma ya jamaa. Mgonjwa anapoungua, hali isiyomwuma ni ile ya kujikunja. Aliyeungua kiwiko hukunja mkono, aliyeungua goti hutaka mto chini ya goti, aliyeungua shingo hutaka mto chini ya kichwa. Mama humwekea mto kwa upendo, na mtoto hulala usingizi. Lakini hali ile ya raha ndiyo hali kovu litakayomfungia. Baada ya miezi michache mto ukiondolewa, goti halinyoki tena.

Kwa hiyo kanuni ni moja, nayo ni rahisi kukumbuka: kiungo kilazwe kinyume cha upande ambao kovu litakivuta. Aliyeungua shingo kwa mbele alale bila mto, na nguo iliyokunjwa iwekwe chini ya mabega ili kichwa kielekee nyuma kidogo. Aliyeungua kwapa, mkono wake utandazwe mbali na ubavu, ulingane na bega. Kiwiko kilichoungua upande wa mbele kinyoshwe; goti lililoungua upande wa nyuma linyoshwe vilevile. Wayo usimame kama wa mtu aliyesimama wima. Kiganja kilichoungua kifunguliwe, vidole vikiwa vimetengana na kidole gumba kikiwa mbali na vingine. Ikiwa ni mgongo wa kiganja ulioungua, namna ya kuulaza ni nyingine, na yafaa mtaalamu aionyeshe kwa mikono yake.

Usiku kiungo hufungiwa gango. Hospitali hulifanya kwa plasta au kwa plastiki iliyopashwa moto ikachukua umbo la kiungo. Mchana gango huondolewa na mazoezi hufanywa. Kiungo hunyoshwa polepole mpaka kovu lionekane limevutika, kikashikiliwa hapo kwa kitambo, kikaachiliwa, kikanyoshwa tena. Jambo hilo hufanywa mara 4 au 5 kila siku. Kunyosha kwa nguvu na kwa ghafula hupasua kovu na kuanzisha kidonda kipya. Mtoto hulia mazoezini, na mzazi huvunjika moyo. Hata hivyo, dakika chache za machozi leo ni afadhali kuliko mkono uliofungwa maisha yote. Mazoezi yaweza kugeuzwa kuwa mchezo: mtoto wa kwapa afikie embe lililotundikwa juu, mtoto wa kiganja akande unga pamoja na mama yake.

KAZI YA KISU

Ikiwa kiungo kimekwisha kushikamana, hakuna sababu ya kukata tamaa. Daktari wa upasuaji hulikata kovu lililokaza, akakinyosha kiungo, kisha akaliziba pengo kwa ngozi iliyopandikizwa. Kovu lililo jembamba kama kamba aweza kulikata kwa mfano wa herufi Z, akabadilishana pembe za ngozi ili urefu upatikane. Mara nyingi hungoja kovu likomae kwanza. Lakini kope lisiloweza kufunga jicho halingoji, maana jicho lisilofunikwa hukauka na kupofuka. Kadhalika mdomo usiofunguka na shingo iliyofungwa havingojwi. Baada ya kisu, magango na mazoezi huanza upya, la sivyo kovu litavuta tena. Na kwa kuwa mifupa ya mtoto hukua lakini kovu halikui kwa mwendo huo, mtoto huenda akahitaji kupasuliwa zaidi ya mara moja kabla ya kuwa mtu mzima.

Ufundi huu ulipiga hatua kubwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Daktari Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu marubani walioungua katika mji wa East Grinstead, Uingereza. Alikataa asidi ya taniki, jamii ya dawa itumiwayo kutengeneza ngozi za wanyama, ambayo wakati huo ilipakwa juu ya majeraha ya moto. Aliona kwamba inakakamaza vidole na kope. Aliona pia kwamba marubani walioanguka baharini walipona vizuri kuliko walioanguka nchi kavu, basi akawaogesha wagonjwa wake katika maji ya chumvi. Tena aliwahimiza watembee mjini wala wasifichwe, na wenyeji wa mji wakazoea kuwatazama usoni kama watu wengine. Mwaka 1941 marubani hao walianzisha chama chao, na vita vilipokwisha kilikuwa na wanachama 649.

Habari hiyo si ya mbali na Kenya. Daktari Michael Wood, aliyefanya kazi ya upasuaji Nairobi, alijifunza kwa McIndoe. Mwaka 1957 wao wawili, pamoja na Daktari Thomas Rees wa Marekani, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ya Afrika Mashariki, ambayo leo huitwa Amref. Kwa njia hiyo ufundi wa kurekebisha nyuso na mikono iliyoungua ulipelekwa kwa ndege hadi hospitali za mashambani. Siku hizi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ina wadi ya wagonjwa walioungua, na madaktari wa upasuaji wa namna hii wako pia katika hospitali nyingine.

KOVU LA ZAMANI

Liko onyo moja kwa wale walioungua miaka mingi iliyopita. Kovu la zamani, hasa lile lisilotulia na lenye kupasuka mara kwa mara, laweza kugeuka saratani baada ya miaka 20 au 30, au zaidi. Daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika habari za vidonda vya makovu mwaka 1828, na hata leo ugonjwa huu huitwa kwa jina lake. Mtu akiona kidonda ndani ya kovu la kale, na mwezi ukapita kisipone, au kingo zake zikaota nyama na kutoa harufu, asikiite kidonda ndugu akakifunga kitambaa. Aende hospitali kikatwe kipande kidogo kikapimwe. Kikijulikana mapema hutibika.

KABLA YA KOVU

Tiba bora ya kovu huanza siku ile ile ya ajali. Mahali palipoungua pamwagiwe maji safi yanayotiririka, yenye baridi ya kawaida wala si barafu, kwa dakika 20. Jambo hilo lina faida hata kama saa 2 au 3 zimepita. Majivu, unga, samli, mayai na dawa ya meno visiwekwe, kwa maana huchafua jeraha na kumficha daktari asione kina chake. Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa apelekwe hospitali.

Na siku ya kutoka hospitali, mzazi au jamaa asiondoke kabla ya kuuliza maneno matatu: kiungo hiki kilazwe namna gani usiku, kinyoshwe namna gani mchana, na tarehe gani kirudishwe kitazamwe. Ayaandike majibu, kisha ayafuate mwaka mzima kama anavyofuata majira ya palizi. Mtoto naye asifichwe nyumbani kwa ajili ya kovu lake. Arudi shuleni, na mwalimu awakataze wenzake kumdhihaki, kwa kuwa kovu si laana wala si aibu. Ni jeraha lililopona nusu, na nusu iliyobaki imo mikononi mwa watu wa nyumbani.